Kuvu Imerudi

Kuvu imerudi.
Jumanne niliisugua kwa mswaki mkuukuu
gogo likabaki jeusi, laini, kama kitako cha chungu.
Leo Ijumaa limevaa tena sufi,
sufi nyeupe, ndefu, inayopunga kila pampu inapopumua
kana kwamba inanisalimu.

Mimi, Nasambu wa duka la dawa pale Kondele,
ninayewauzia kina mama mafuta ya mapunye,
"paka asubuhi na jioni, usiache hata ukiona kumepona,"
ninayeitambua fangasi ya kucha
mteja akiwa bado mlangoni, na viatu miguuni!
Mganga hajigangi, walisema.
Sikujua walimaanisha mtu wa Migosi,
nyumba ya tatu baada ya posho mill.

Gogo nililiokota mwenyewe ufukweni Dunga
siku magugumaji yalipokuwa yamesukumwa na upepo kwingine.
Nililichemsha katika sufuria la matanga,
lile kubwa la kukodi,
saa tatu nzima, maji yakatoka rangi ya turungi.
Nikamrudishia mwenyewe sufuria lake
bila kumweleza nilichopika.

Nimejaribu chumvi, ile ya mawe.
Nimejaribu dawa ya buluu,
vidole vyote kumi vikawa kama vya mwizi wa kura.
Nimehesabu matone.
Nimelaza maji ndooni usiku kucha, klorini iende zake,
nikayabadili, theluthi leo, theluthi keshokutwa.
Nimezima taa siku nne, nikawanyima samaki mchana.
Kuvu ikanenepa gizani.

Kisha ikamshika Shaba.
Kidoa tu, ubavuni, nyuma ya pezi,
kama pamba iliyosahauliwa baada ya sindano.
Nikamtenga katika karai, nikalala macho wazi,
na saa kumi na moja alfajiri nikaamka kumtazama.

Mavyaa wangu alikuwa amenitangulia.
Ameketi juu ya kreti la soda mbele ya tangi,
leso begani, kiporo cha ugali mapajani.
Anamega, anafinyanga kwa dole gumba, anadondosha.
"Chiemuru," anawanong'oneza,
kama mtu anayekaribisha wageni wenye haya.
Donge linazama. Samaki wananusa, wanaliacha.
Donge linalala juu ya gogo.

Miaka thelathini na moja amekaanga samaki sokoni.
Dole gumba hilohilo ndilo lililopasua matumbo.
Hajaniona, au ameniona na hajali.
"Wangu walinifikia wamekufa," akasema bila kugeuka.
"Sikuwahi kumwona hata mmoja akitafuna."

Nilikuwa na hotuba kamili, ya kidukani,
kuhusu mabaki, na uozo, na nani hula kisicholiwa.
Ilifika kooni ikageuka mate.
Nikavuta ndoo, nikaketi.

"Punje tatu, Mama. Na si za ugali. Za kopo lile."
"Tatu? Hata kifaranga utamuua."
"Tatu kwa kila samaki."
"Nane."
"Mama, hili si soko."
"Kila mahali ni soko. Saba."
Pampu ikapumua kati yetu.
Kulipopambazuka tulikuwa tumefika tano,
tukapeana mikono, yake ingali na unga.

Shaba amerudi nyumbani, ubavu una kovu la rangi ya maziwa.
Gogo nalo limepungua sufi, halijanyoka tabia.
Kwenye kioo, upande wa nje, kimo cha mtu aliyeketi,
kuna alama ya mafuta, duara, ya paji la uso.
Ninafuta kushoto kwake, ninafuta kulia kwake.

Tulipatana tano.
Kuvu inaniambia ni saba.